Bunduki za Upepo za Kijerumani, na Kazi ya Wenye Kuzikusanya

Iko desturi katika Ujerumani, na katika Uingereza na Marekani pia, ya watu kukusanya bunduki za upepo za zamani, yaani bunduki zisizotumia baruti, bali husukuma risasi kwa nguvu ya hewa. Watu wengine huwacheka wakusanyaji hao, wakisema ya kuwa bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima angefanya vema zaidi kukusanya vitabu au fedha za kale. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Twaona ya kuwa katika vyombo hivi vidogo mna habari za watu wa Ujerumani kwa muda wa miaka mia na zaidi, nazo zimeandikwa juu ya chuma kwa alama ndogo ambazo zikifutwa haziwezi kurudishwa. Katika makala hii twataka kueleza habari hizo kwa ufupi, kisha kuonyesha hatari inayozikabili, ambayo mara nyingi hutoka kwa mikono ya wale wale wanaozipenda.

Majina yake

Tuanze na majina, kwa kuwa jina la kitu mara nyingi ndiyo historia yake ya kwanza. Sisi twasema bunduki. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao hapo kwanza walilitumia kwa kokwa dogo la kuliwa lenye ganda gumu. Baadaye likawa jina la kidonge kilichorushwa kwa upinde, kisha kidonge cha risasi, hata mwisho likawa jina la chombo chenyewe kinachorusha. Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, ambao waliliita tunda hilo kokwa la Ponto, nchi ile iliyo kando ya Bahari Nyeusi, inayotajwa katika Matendo ya Mitume. Basi mtu asemaye bunduki, ajue asijue, ataja kokwa.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wana majina mawili. La kale ni Windbüchse. Wind maana yake ni upepo. Büchse ni kopo au kasha dogo, na tena ni bunduki. Neno hilo la Büchse nalo asili yake ni Kiyunani, jina la kikasha kilichochongwa kwa mti ulioitwa pyxos. Hivyo lugha mbili zilizo mbali sana, kila moja kwa njia yake, zimeipa silaha ya moto jina lililotoka katika mimea ya Wayunani. Jina la pili, ambalo ndilo la siku hizi, ni Luftgewehr. Luft ni hewa, na Gewehr ni silaha, kwa asili kitu cha kujikingia.

Msomaji ataona ya kuwa Kiswahili, kwa kusema bunduki ya upepo, kimechagua kama walivyochagua Wajerumani wa kale. Wala si vibaya. Hewa iliyofungwa ndani ya chuma imetulia, haina jina jingine ila hewa. Lakini ikifunguliwa ghafula hukimbia, nayo ikikimbia huwa upepo. Risasi haisukumwi na hewa iliyotulia, husukumwa na upepo.

Asili ya chombo

Katika karne ya 17, Otto von Guericke, aliyekuwa mkuu wa mji wa Magdeburg, alitengeneza bomba la kutolea hewa. Walimu wengi wamewafundisha wanafunzi wao habari za vile vibakuli viwili vya shaba alivyoviunganisha, akatoa hewa iliyokuwamo, hata farasi wengi wakashindwa kuvitenganisha. Katika wakati huo wa kuchunguza tabia ya hewa, watu wenye maarifa wa Ulaya walitambua wazi ya kuwa hewa ina uzito na nguvu, na kwamba ikibanwa hutafuta njia ya kutoka.

Bunduki za upepo za zamani hizo zilikuwa ghali mno, nazo zilikuwa mali ya wakuu na wawindaji matajiri. Nyingine zilikuwa na mivukuto midogo ndani ya kitako, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Nyingine zilikuwa na chupa ya chuma ya kuwekea hewa. Iliyosifiwa kupita zote ilikuwa kazi ya Bartolomeo Girardoni, mtu wa Tirol, nayo iliingizwa katika jeshi la Austria karibu na mwaka 1780. Kitako chake chenyewe kilikuwa ndiyo chupa ya hewa, na ubavuni mwake mlikaa risasi zipatazo 20, ambazo askari aliweza kuzipiga moja baada ya nyingine bila ya moshi, wakati ambapo askari mwenye gobori alikuwa bado anashindilia risasi yake ya pili. Lakini kuijaza chupa hiyo kwa bomba la mkono kulihitaji kusukuma mara zipatazo 1,500, na viungo vyake vilikuwa vyepesi kuharibika katika safari za vita. Kwa sababu hiyo jeshi liliziacha mapema katika karne ya 19.

Basi ilipasa ipatikane namna nyingine, rahisi na ya bei ndogo, nayo ilipatikana katika kamani. Katika miaka ya 1870 mafundi wa jimbo la New York huko Marekani walitengeneza kwa wingi bunduki nyepesi za kamani, na mafundi wa Ujerumani wakaiiga kazi hiyo, kisha wakaizidi.

Jinsi inavyofanya kazi

Bunduki ya kamani haiwekewi hewa mapema. Kasiba yake imeshikwa kwa bawaba. Mtu huikunja kasiba chini, na mkono wa chuma ulio chini yake hurudisha nyuma pistoni iliyo ndani ya mwanzi mnene wa chuma. Pistoni ikirudi huibana kamani, kisha hushikwa na jino la mtambo isiweze kwenda mbele. Mtu hutia risasi nyuma ya kasiba iliyo wazi, huirudisha kasiba mahali pake, hulenga, na kufyatua. Jino likiachia, kamani huitupa pistoni mbele kwa nguvu. Hewa iliyo mbele ya pistoni hubanwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, hupita katika tundu dogo, na kuisukuma risasi.

Kichwani mwa pistoni mna kikombe cha ngozi kinachozuia hewa isipite pembeni. Ngozi hiyo ikikauka hupasuka, na bunduki hukosa nguvu. Kwa hiyo huhitaji mafuta kidogo. Risasi yenyewe kwa kawaida ina unene wa milimita 4.5 na uzito wa nusu gramu hivi. Tangu mapema katika karne ya 20 risasi iliyoenea ni ile iliyobanwa kiunoni, yenye mkia mpana ulio wazi. Upepo huupanua mkia huo hata ukajaa kasiba, na tena mkia ndio unaoifanya risasi iende sawa.

Miji ya mafundi

Bunduki nyingi za namna hii zilitoka katika milima ya Thüringen. Huko mlikuwa na madini ya chuma, miti ya kuchomea makaa, na vijito vyenye nguvu ya kuzungusha magurudumu ya nyundo. Kwa hiyo ufundi wa silaha ulikaa huko tangu kale. Miji yake mashuhuri ilikuwa Suhl, na Zella St. Blasii pamoja na jirani yake Mehlis, ambayo iliunganishwa mwaka 1919 ikawa Zella-Mehlis. Haenel alianza kazi Suhl mwaka 1840. Zella-Mehlis ndiko walikoanza Anschütz mwaka 1856, Walther mwaka 1886, na Weihrauch mwaka 1899, ambaye alitengeneza baiskeli pia.

Mbali na milima hiyo, katika mji wa Rastatt karibu na mto Rhine, Jakob Mayer na Josef Grammelspacher waliungana mwishoni mwa karne ya 19, wakaanzisha karakana yao. Alama yao ilikuwa Diana, ambaye Warumi wa kale walimwita mungu mke wa uwindaji. Katika alama hiyo Diana ameutupa upinde wake chini, naye ameinua juu bunduki ya upepo. Ni picha ya kuchekesha kidogo. Lakini ilieleweka na kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Sifa ya mafundi wa Ujerumani ilienea hata katika hadithi. Mwandishi Mwingereza Arthur Conan Doyle, katika hadithi aliyoitoa mwaka 1903, alimpa mwuaji wake bunduki ya upepo isiyotoa kishindo, akasema ya kuwa ilitengenezwa na fundi Mjerumani kipofu. Fundi huyo hakuwako kamwe. Lakini wasomaji hawakustaajabu ya kuwa kazi ya namna hiyo ilitoka Ujerumani.

Desturi za watu

Wajerumani wana vyama vya kulenga shabaha ambavyo asili yake ni zamani za miji yenye kuta, wakati raia walipojilinda wenyewe. Kila mwaka vyama hivyo hufanya sikukuu. Mahali pengi huwekwa ndege wa mti juu ya mlingoti, nao humpiga kwa zamu hata aanguke. Na yule aliyeangusha kipande cha mwisho huitwa mfalme wa mwaka ule, huvikwa mkufu, na huandamana mjini kwa ngoma na tarumbeta. Siku hizo za sikukuu, na katika magulio, vilikuwako vibanda vya kulengea shabaha kwa bunduki za upepo. Shabaha zilikuwa vijiti vya udongo vilivyoshikilia maua ya karatasi. Kijana akivunja kijiti hupewa ua, naye humpa msichana aliyefuatana naye. Bunduki nyingi za zamani zilizosalia zilifanya kazi katika vibanda hivyo, na vitako vyao vimelainika kwa mikono ya watu elfu.

Kutoka mchezo kwenda vita

Tungependa habari ziishie hapo, lakini haziishii hapo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwapunguzia Wajerumani utengenezaji wa silaha, na katika sharti lake la 177 ulikataza shule, vyama vya kulenga shabaha na vyama vinginevyo visijishughulishe na mambo ya vita. Bunduki ya upepo ilibaki kuwa kitu cha mchezo, nayo iliendelea kutengenezwa.

Kisha mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala. Katika miaka hiyo Haenel wa Suhl alitoa bunduki ya upepo ya mfano wa 33, iliyofuata ubunifu wa Hugo Schmeisser. Haikukunjwa kasiba kama nyingine. Umbo lake lilikuwa sawa na bunduki ya askari wa Kijerumani, ikakokwa kwa komeo la juu kama ile ya askari, na risasi zake ndogo za mviringo za milimita 4.4 zilikaa katika ghala yake zikingojea zamu. Kijana aliyeizoea hiyo hakuwa na jambo kubwa la kujifunza alipopewa bunduki ya kweli. Sheria ya mwaka 1936 iliagiza vijana wote wa Ujerumani wakusanywe katika chama cha Hitler, na miongoni mwa mazoezi ya wavulana wadogo ilikuwamo shabaha ya bunduki ya upepo. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa vitani, na wengi hawakurudi.

Hapa ndipo penye swali zito kwa mkusanyaji. Je, chombo cha namna hii chafaa kuwekwa? Wako wasemao kitupwe, kwa sababu kilitumika kuwapotosha watoto. Wako pia wanaokiweka kwa fahari, wakisifu uzuri wa chuma na kunyamaza juu ya kazi yake. Sisi twaona ya kuwa njia zote mbili zina hasara. Anayekitupa amemwondoa shahidi. Maana mtoto wa leo akiambiwa ya kuwa wavulana wa miaka 10 walifundishwa vita kwa mchezo, aweza kudhani ni maneno tu, lakini akikishika chombo chenyewe, na kukilinganisha na bunduki ya askari, ataamini. Naye anayekionyesha bila kusema kilifanyiwa nini amesema uwongo kwa kunyamaza. Kiwekwe, na habari yake iwekwe pamoja nacho.

Majina yaliyohama

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Thüringen iliangukia upande wa Warusi, na Ujerumani ikagawanyika. Mafundi wengi waliacha karakana zao. Walther na Anschütz walikwenda kuanza upya katika mji wa Ulm, upande wa magharibi. Weihrauch walianza tena mwaka 1948 huko Mellrichstadt katika Bavaria, mji ulio karibu sana na mpaka ule uliowatenga na kwao. Hugo Schmeisser alichukuliwa na Warusi mwaka 1946 akafanye kazi katika nchi yao, akarudi mwaka 1952. Huko Suhl kazi ya Haenel iliendelea chini ya serikali mpya, na bunduki zake za upepo zikatumika tena kuwafundisha vijana shabaha, chini ya bendera nyingine.

Habari za Rastatt ni za ajabu zaidi. Baada ya vita mitambo ya kutengenezea bunduki za Diana, pamoja na haki ya jina lenyewe huko Uingereza, vilitolewa kuwa sehemu ya malipo ya vita, vikafikia Millard Brothers wa Motherwell katika Scotland. Kazi ilipoanza tena Rastatt karibu na mwaka 1950, wenyewe waliweza kulitumia jina lao kwao, lakini Uingereza hawakuweza. Huko iliwapasa kuuza bunduki zao kwa jina la Original, yaani ya asili, huku Waskoti wakiuza za kwao kwa jina la Diana. Hali hiyo ilidumu hata miaka ya 1980, jina liliporudi kwa wenyewe. Tena huko Marekani bunduki hizo hizo za Rastatt ziliuzwa kwa majina ya wafanya biashara, kama vile Hy-Score na Winchester. Kwa hiyo bunduki moja yaweza kuwa na majina manne, na majina mawili yaliyo sawa yaweza kuwa juu ya bunduki mbili zisizo na undugu. Mkusanyaji asiyejua mambo haya atanunua jina, wala hatajua amenunua nini.

Katika miaka hiyo mchezo wenyewe nao ulipata heshima mpya. Mwaka 1966 shabaha ya bunduki ya upepo kwa mita 10 iliingizwa katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Wiesbaden, na mwaka 1984 ikaingizwa katika michezo ya Olimpiki huko Los Angeles.

Alama na wanaozifuta

Sasa twaja kwenye kazi ya mkusanyaji mwenyewe. Mtu akipata bunduki ya zamani, huisoma kama tusomavyo hati. Hutazama kwanza alama ya fundi. Kisha hutafuta tarehe. Maana bunduki nyingi za Rastatt za baada ya vita zimepigwa tarakimu ndogo nyuma ya mwanzi wa chuma, kuonyesha mwezi na mwaka zilipotengenezwa. Kisha hutafuta herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Alama hiyo iliwekwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1970, kuonyesha ya kuwa nguvu ya bunduki haizidi jouli 7.5, na kwamba mtu aliyetimiza miaka 18 aweza kuinunua bila ya kibali. Zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikutakiwa kuwa nayo; kwa hiyo kutokuwapo kwa herufi moja ni habari, kama vile kuwapo kwake. Hata kitako hutoa ushuhuda: aina ya mti, tundu lililozibwa, herufi za jina la mtoto zilizochongwa kwa kisu.

Hatari ni hii. Mtu akiipenda bunduki yake hutaka iwe mpya. Huichukua msasa, huisugua kutu, huisugua na alama pamoja. Huipaka rangi ya buluu ya chuma upya. Huondoa varnishi ya kitako, na zile herufi za mtoto huondoka nayo. Huondoa kikombe cha ngozi, hutia cha plastiki, na kile cha zamani hukitupa. Mwisho wake huwa na chombo kizuri kinachong'aa, kisichoweza kusema kilitoka wapi, wala lini, wala mikononi mwa nani. Kutu yaweza kuzuiwa kwa mafuta na kitambaa. Ngozi yaweza kufanywa upya kwa ngozi. Lakini tarehe iliyosuguliwa hairudi. Wakusanyaji wenye busara wamejifunza kusafisha kidogo, na kila kitu walichokiondoa hukiweka katika bahasha pamoja na maandishi.

Wenzetu walimu na wachungaji wataona ya kuwa jambo hili haliwahusu wakusanyaji wa bunduki peke yao. Katika stoo za shule na makanisa yetu mna kengele, saa za ukutani, cherehani, na mashine za kupigia chapa zilizokuja kwa meli zamani, na nyingi zina jina la fundi na mwaka katika chuma chake. Mara nyingi, sikukuu ikikaribia, mtu mwema huambiwa azisugue na kuzipaka rangi. Twashauri ya kuwa, kabla ya brashi kuguswa, mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri apewe daftari na penseli, anakili kila herufi na kila tarakimu iliyo juu ya chombo, na daftari hilo liwekwe pamoja na vitabu vya kumbukumbu vya mahali pale.